Wapeleke Watoto Matembezi, Ila kwa Kipimo Chao

Shule zimefungwa, pamba iko kwenye mizani, na swali linalonifikia kutoka kila pembe ya mkoa ni lile lile: "Dada, watoto wanashinda wakigombana uani. Tuwapeleke wapi, na sisi tuko Bariadi?" Mwingine anaongezea kidonda chake: wifi yake anayeishi Uskoti ametuma picha za wanawe mbele ya ngome ya mawe, mume amezitazama, akashusha pumzi, akasema, "Wenzetu wanaishi."

Tuanze na huyo wifi, tummalize. Mwulize siku moja hiyo siku ilikwendaje. Atakwambia mvua ilinyesha toka asubuhi, wakakimbilia Makumbusho ya Taifa pale Edinburgh kwa kuwa kiingilio ni bure. Watoto walipanda basi bila nauli, maana tangu mwaka 2022 huko vijana wote wa chini ya miaka 22 wanasafiri bure kwenye mabasi. Mikate waliifunga nyumbani, kwa sababu kula nje kwa familia nzima ni mzigo. Ukilitoa koti la mvua, unabaki na mama kama wewe, anayehesabu shilingi. Tena mwaka 2021 bustani ya wanyama ya Edinburgh ilileta twiga, na watu wanakata tiketi kwenda kuwaona bandani. Wewe twiga wako wako Serengeti, nyuma ya Lamadi, hawajaletwa na mtu.

Kwa hiyo shida yetu si kukosa pa kwenda. Shida ni namna tunavyokwenda. Tunaamka na mpango wa watu wazima: tufike mbali, tuone vyote, tule vizuri, tupige picha, turudi usiku. Mtoto wa miaka mitatu hayumo kabisa katika mpango huo. Saa saba mchana analia, saa nane anatapika, saa tisa baba amenuna, na mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga kuku hajakaa chini hata mara moja. Neno langu leo ni hili: matembezi ya mtoto mdogo yanapimwa kwa mwili wake, yaani usingizi wake, tumbo lake, miguu yake na kibofu chake. Chagueni kitu kimoja kwa siku, mkione vizuri, mrudi mapema.

Saa za mtoto

Ondokeni asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi. Jua letu la Simiyu mnalijua, likifika saa sita halina mchezo na utosi wa mtoto. Lile jambo mlilolifuata mlimalize kabla ya hapo, kisha mle kivulini. Safari ya kurudi ipangeni wakati mtoto anapolala kila siku. Kama nyumbani hulala saa saba na nusu, basi saa saba na nusu awe mapajani mwako garini, dirisha limefunguliwa kidogo. Atalala hadi Bariadi, na wewe utapumua. Msirudi na giza. Jioni ng'ombe wako barabarani wakirudi zizini, na madereva wanafukuzana na muda.

Anayetapika garini mpe uji mwepesi, chapati ya mafuta ngoja mfike. Mkalishe anapoweza kuona barabara mbele, na usimpe simu ya kuangalia katuni. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, beba kopo tupu la siagi lenye mfuniko. Kopo hilo litakuokoa wewe, abiria wa pembeni na kiti cha mwenye gari.

Usafiri nao. Bodaboda ya "mshikaki", baba mbele, mtoto katikati, mama nyuma na mwingine mgongoni, si matembezi, ni kamari. Kwa karibu chukueni bajaji. Kwa mbali pandeni Hiace au mchomoko, na mkiwa familia mbili tatu changeni mkodi Noah, mpatane na safari ya kuwarudisha. Mwenye kukodi ndiye anayesema "simama, mtoto anataka kukojoa." Kwenye Hiace ya watu unaomba.

Anzeni jirani

Kabla hamjafika mbali, kuna pamba. Mtoto wa Bariadi anaweza kufika darasa la nne anaiona pamba kwenye malori tu, marobota yanapita, hajui kilichomo. Ombeni ruhusa kwenye shamba la ndugu au jirani kabla hawajamaliza kuvuna. Mpe mtoto kitumba kimoja kilichopasuka. Mwache avute nyuzi kwa vidole vyake mwenyewe, azivute mpaka agonge kitu kigumu ndani, mbegu yenye manyoya isiyotaka kuachia. Hapo mwoneshe shati alilovaa. Mwambie hizi nyuzi zikishatenganishwa na mbegu kiwandani zinakwenda kuwa uzi na nguo, mbegu inakamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yanayobaki wanakula ng'ombe. Hiyo ni asubuhi nzima ya mtoto wa miaka mitano, na nauli yake haifiki bei ya soda za familia. Angalizo moja: wasirukie pamba iliyokwisha kuvunwa wala wasiichanganye na majani. Ile ni fedha ya mtu, na kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS) uchafu unashusha daraja.

Agosti ikiingia kuna maonesho ya Nane Nane Nyakabindi. Viwanja vile vilibeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, na maonesho ya kanda yetu, sisi na wenzetu wa Mara na Shinyanga, hufanyika pale pale. Ushauri wangu ni mwepesi: maonesho huanza tarehe 1, na wewe nenda tarehe 3 au 4, asubuhi. Tarehe 8 yenyewe waachie wanasiasa na vumbi. Siku za mwanzo mtoto anasogea karibu na ng'ombe wa maziwa, anaona bwawa la samaki la mfano, anauliza maswali na mtaalamu ana muda wa kumjibu. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, upande wa ndani. Jina lake usiliandike sehemu inayoonekana, maana mtu mbaya akilisoma atamwita kama anayemfahamu.

Ziwa letu

Mkoa huu ulipoundwa mwaka 2012, wilaya nyingine zilitoka Shinyanga, lakini Busega ilitoka Mwanza. Ndipo na sisi tukapata ufukwe, upande wa Ghuba ya Speke. Kutoka Bariadi mpaka Lamadi, ufukweni huko, ni lami, kilomita kama 70. Kwa safari ya kwanza ya mtoto mdogo, hapo ndipo pa kwenda.

Nendeni mapema mwaloni. Mtoto hahitaji hoteli ili afurahi. Anataka kuona mtumbwi unavutwa nchi kavu, wavuvi wakihesabiana, mnandi mweusi amekaa juu ya nguzo amekunjua mabawa anayaanika. Mchuchumalishe mbele ya dagaa walioanikwa. Mchukulie mmoja, umweke kiganjani mwake, aone jicho lilivyo duara na ubavu unavyong'aa ukiugeuza kwenye jua. Mweleze kwamba huyu ndiye aliyekuwa kwenye sahani jana usiku. Kisha tafuteni mgahawa wenye kivuli, muagize sato. Miba itoe kwa vidole vyako, si kwa uma. Kidole kinasikia mwiba ambao jicho halijauona.

Hapa sasa dada yenu ni mkali: ziwa tunaliangalia, hatuliingii. Najua watoto watalia. Waache walie. Kichocho kimejaa Kanda ya Ziwa, ufukweni na kwenye malambo yetu ya kunyweshea ng'ombe vilevile. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi bila kidonda, wala mtoto hajui. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, yaani saa zile zile watoto wanazotamani kuogelea. Dawa zinazogawiwa shuleni ni za wenye umri wa shule. Huyu wa miaka miwili uliyemkalisha kwenye maji ya ukingoni "apoe kidogo" hayumo kwenye mgawo ule. Aliyekwisha kulowa mfute kwa taulo papo hapo, ukijua kwamba hiyo si kinga ya uhakika, na baada ya wiki kadhaa mpeleke akapimwe. Na mtoto, wa kike au wa kiume, akikojoa damu, usikubali mtu akuambie ni kawaida ya kukua. Ni zahanati. Mamba na viboko sijawataja, lakini nao ni wenyeji wa ziwa lile.

Wakitaka maji, bebeni ndoo na vikopo, wachezee maji ya bomba kivulini. Mtoto wa miaka mitatu na vikopo vyake viwili hana habari na ziwa.

Serengeti kwa mfuko wetu

Hili ndilo linaloniuma. Hifadhi imekuwapo tangu 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, dunia nzima inapanda ndege kuja kuiona, na mtoto wa Simiyu anamjua pundamilia kutoka kwenye kitabu cha kusoma. Wageni wanatujua kwa hadithi za wachawi wa kijiji cha Gamboshi. Angalau watoto wetu wajue kingine.

Geti la Ndabaka liko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, ukishapita Lamadi na kuingia Mara. Mwananchi analipa kwa shilingi, bei iliyo mbali sana na ile ya mgeni. Watoto wa miaka 5 hadi 15 wana bei yao ndogo, na wa chini ya miaka 5 hawalipi. Beba kitambulisho chako cha taifa, na kwa watoto cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, ili usibishane na mtu kuhusu umri. Uliza mapema bei ya mwaka huo na jinsi ya kulipia, usifike getini ndipo uanze kutafuta mtandao.

Kinachokula fedha ni gari. Huko huingii kwa bodaboda wala kwa miguu. Basi hapa ndipo kikundi chenu cha kuchangiana kifanye kazi. Mnanunuliana vyombo kila mwezi. Mwezi mmoja nunulianeni siku ya watoto. Familia mbili au tatu, gari moja la juu, dereva anayeijua njia. Nendeni kiangazi. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa upande ule unameza magurudumu, na mtakesha mkisukuma. Kati ya Mei na Julai, kutegemea mvua za mwaka, makundi ya nyumbu hupita katika ukanda huo wa magharibi, kwa hiyo likizo hii ya katikati ya mwaka ina bahati yake.

Kuhusu nguo, acheni buluu iliyokolea na nyeusi. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyowaita, hufuata rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Mvalishe mtoto kaki au kijivu, mikono mirefu, suruali.

Ndani, saa tatu zinatosha. Usimkimbize dereva kutafuta simba. Simba aliyelala mbali chini ya mti, kwa mtoto wa miaka minne, ni jiwe. Anachokipenda kiko karibu: nyani aliyembeba mwanawe mgongoni, pundamilia wawili, kila mmoja amelaza shingo mgongoni mwa mwenzake, ngiri anayekimbia na mkia umesimama wima kama eriali ya redio. Simamisheni gari hapo. Zimeni injini. Mwacheni atazame mpaka achoke mwenyewe. Haja zote zimalizwe getini kwenye vyoo, na poti ibaki garini kwa dharura, kwa sababu huko ndani hakuna kushuka kichakani.

Mwanza si ya watoto wa kubebwa

Bujora na Saanane ni pazuri, lakini kutoka Bariadi kwenda na kurudi siku moja ni adhabu kwa mtoto mchanga. Ngojeni wafike miaka sita na kuendelea, au mlale kwa ndugu. Bujora, pale Kisesa kabla hamjaingia jijini, ndipo Padri David Clement, Mkanada, alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma. Kuna nyumba za duara, vyombo vya watemi na ngoma zao kubwa. Mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika sherehe ya ngoma ya Bulabo, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kucheza, na hapo watoto hawatauliza saa. Hapo mchukueni na bibi yao. Msimamizi ana maelezo yake, lakini bibi ndiye atakayesema, "Kihenge kama hiki kilikuwa kwa baba yangu, nilitumwa kuingia ndani kuchota mtama." Mtoto anashika zaidi la bibi.

Saanane ni kisiwa kidogo, hifadhi ya taifa tangu 2013, na boti kutoka mjini inachukua dakika chache tu. Kuna swala, tumbili, na pimbi wanaoota jua juu ya majabali. Waambie watoto kwamba pimbi, pamoja na udogo wake, ni ndugu wa karibu wa tembo. Watabishana hadi mnafika nyumbani, na hapo watakuwa hawagombani. Life jaketi ivaliwe na kila mtu, mtoto kwanza, na iwe ya saizi yake.

Kilichomo kikapuni

Acha kuku wa kukaanga alfajiri. Beba michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu, na uji kwenye chupa ya chai. Karanga ni za wakubwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, hasa gari likitembea, maana moja inatosha kumkaba. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko unavyodhani. Kanga mbili: moja mkeka, moja pazia la kunyonyeshea na shuka la usingizi. Nguo ya kubadili kwa kila mtoto, na blauzi moja yako. Kila mama anabeba nguo za watoto, kisha anarudi nyumbani na matapishi begani.

Wakubwa nao

Ukimwambia mume "tutoke na watoto," yeye anasikia "toa hela." Mpelekee jambo lililokamilika: siku, mahali, nauli, chakula, jumla. Akikuambia hana, muulize mwezi gani, na pamba ikilipwa mkumbushe kwa upole. Siku yenyewe mpe kazi yenye jina, kwa mfano yeye ndiye wa mtoto anayetembea, toka mnashuka mpaka mnapanda. Si "nisaidie," maana msaidizi husubiri kuitwa. Na dada wa kazi mkienda naye, naye awe ametoka kweli. Ale mnachokula, akae mnapokaa, atazame wanyama bila kupakatishwa mtoto siku nzima.

Na wewe mama, panga saa moja ya kukaa. Mtoto hafurahii matembezi ambayo mama yake ana sura ya msiba.

Haya, wadogo zangu, kazi ni hii. Jumamosi hii msivuke wilaya, tafuteni shamba la pamba, mwende asubuhi na mrudi kula nyumbani. Lamadi iwe mwezi ujao. Ya Ndabaka itengenezeeni kibubu kuanzia leo, na ufunguo wake asipewe baba wala mama, ashike mtoto mkubwa. Huyo hatasahau.